Vikaratasi vya Kijani

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Meza yangu ina taa moja, bisibisi saba,
na kopo la spiriti lisilofunga vizuri.
Leo nimeletewa simu mbili za mahasimu:
moja ya Mwalimu Shekiondo, kampuni hii,
nyingine ya mkewe, kampuni ile,
na nyumbani, anasema, hawalali
wakibishana ipi ilianza.

Nimezilaza bega kwa bega.
Huku nikavuta kidole toka juu, pazia likashuka.
Na huku nikavuta: pazia lile lile,
pindo lile lile, mshono ule ule,
ila mmoja katia rangi ya maziwa
na mwenzake kaacha nyeusi.
Mwaka juzi hawa waliwacheka wale
kwa vijisanduku vyao vya saa na mvua;
mwaka huu wamevipaka wanja, wamevipa jina jipya,
wamevitoa ukumbini kwa vigelegele
kana kwamba hata mvua ni yao.

"Wezi," akasema Mwalimu.
"Wote?"
Akanyamaza, akaitazama ya mkewe.

Mimi nisingecheka sana.
Ramadhani iliyopita nilibuni jambo:
kila simu ikiingia, nabandika ndani ya kava
kikaratasi: jina la mwenyewe, ugonjwa, bei,
tusije tukashikana mashati jioni.
Wateja wakapenda.
Wiki ya pili Mbaruku, meza ya pili,
naye ana vikaratasi.
Vya kijani, eti.

Nilimnunia siku tisa.
Chai ya Bi Mwanjaa tuliinywa
kila mtu kampa mwenziwe kisogo.
Siku ya kumi akaja kuazima bisibisi,
akasema huku anatazama barabarani:
"Nyeupe yako ikiingia mafuta haisomeki."
Alipoondoka nikafungua kava moja.
Kweli. Jina la mtu limekuwa doa.

Na hapo ndipo, Mola anisitiri,
nikamkumbuka marehemu Jivraj, fundi saa,
miwani ya jicho moja, pua karibu na gurudumu.
Nilikuwa na miaka minane, nimetumwa na baba.
Alifungua mgongo wa saa yetu,
akachomeka kikaratasi kama ukucha:
jina la baba, kwa wino wa zambarau.

Kwa hiyo nani kamwibia nani,
na Jivraj naye aliona kwa nani,
sijui, na wa kumuuliza hayupo.

Mwalimu amerudi saa kumi.
Nimempa simu zake, zote zinapumua.
Akafungua kava, akaona karatasi ya kijani.
"Hii umeiga kwa Mbaruku," akasema.

Nikamwambia elfu thelathini,
kioo pamoja na kazi.