Mstari wa Kumi na Saba

Barua ilifika Alhamisi, imelowa pembe moja,
kutoka Welisi, kijiji ambacho jina lake linaanza na L mbili.
Nilijaribu kulitamka mbele ya mchungaji
akadhani nina kwikwi.

Aliyeandika ni mama mmoja, Gwenllian,
binti wa Emrys, mwana wa Ifan.
Zamani kwao, anasema, hapakuwa na majina ya ukoo:
mtu alikuwa *ap* fulani, yaani mwana wa fulani,
na huyo fulani naye mwana wa fulani,
hadi pumzi ikukatike.
Nikacheka peke yangu ofisini.
Huyu tungeelewana.

Anamtafuta ndugu wa babu yake, Tudur, mchonga mawe,
aliyeshuka stesheni ya Moshi na patasi zake ndani ya gunia,
akajenga nguzo za madaraja,
akatuma barua tatu nyumbani.
Amepekua vitabu vya parokia za kwao:
amemkuta akizaliwa, amemkuta akibatizwa,
amemkuta akiazima Biblia asiirudishe.
Kufa tu ndiko hakuonekani.
“Kama amelala kwenu,” anamalizia,
“tafadhali, msimwite Mwingereza.”

Kitabu cha Mazishi, juzuu ya pili:
mchwa walianza kukisoma kabla yangu.
Wino umepauka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu.
Nje ni masika. Mlima haujaonekana siku tisa
na hakuna anayeuliza kama bado upo.

Nikateremsha kidole, mstari kwa mstari.
Homa. Homa. Kuangukiwa na mti.
Mjane wa mpishi. Homa.
Kisha, Mei 1927, mstari wa kumi na sita:
*Tudo, Mwingereza, fundi mawe. Homa.
Mchimbaji amelipwa shilingi mbili na chumvi.*
Pole, baba. Hata jina walikukatia mkia.

Ningefunga kitabu hapo.
Kazi ilikuwa imekwisha, na maji ya chai yalikuwa yanachemka.
Ila kidole kilikwisha kuteleza:
*Mtoto mchanga, wa kike, wa Ndewaria Mlatie. Siku tatu.
Bila jina. Mvua kubwa. Shimo ni hilohilo.*

Ndewaria Mlatie ni bibi yangu.

Kwetu mtu hulazwa kihambani, kati ya migomba yake,
hatupwi ubavuni mwa mgeni.
Na mama yangu, miaka tisini na miwili,
amekula maisha yake yote sehemu ya nyama ya kifungua mimba,
amebariki harusi zetu kama kifungua mimba,
hata wadogo zake wakibisha huwanyamazisha kwa neno hilo moja.

Nilitoka bila mwavuli.
Kwenye kona ya makaburi, nyuma ya tangi la maji,
kuna isale ambalo miaka thelathini nimelihesabu
kama mpaka wa uzio.
Mpaka hauwi na mmea mmoja.
Nikakumbuka bibi akishuka sokoni na mkungu kichwani,
jinsi alivyokuwa akitua hapa, kila mara hapa,
akisema shingo imechoka.
Mimi mtoto nilimwona mvivu.

Nimefuta “Mwingereza”. Hapana, sikufuta,
kitabu cha kanisa hakifutwi;
nimeandika pembeni kwa penseli: *Mwelisi. Ap Huw.*
Chini yake penseli ilisimama muda mrefu
mbele ya *Bila jina*
na sikuwa na haki ya kuandika kitu.

Barua ya Welisi nimeimaliza.
Nimemwambia kaburi lipo, halina jiwe,
ajabu, kwa mtu wa mawe,
lakini lina jani bichi, na limepata mgeni wa kulipumzikia
kwa miaka mingi kuliko alivyojua mtu.
Nimelamba stempu, nimebandika.

Iliyobaki ni ya kwenda Mbokomu,
kilomita chache za kupanda, haihitaji stempu.
Nitaifikisha kwa mdomo.
Jumapili nilikaa naye jikoni hadi giza,
akaniuliza siku hizi kazini nafanya nini.
Nahesabu, mama, nikasema.
Akaniongezea ndizi kwenye sahani.