Lita Arobaini

Kazi yangu ni kuvua ukungu.
Usicheke. Baba aliuvua, na mama yake kabla yake,
juu ya majabali kusini mwa Ikike,
nyavu zimesimama kama mashuka yaliyosahauliwa kambani,
na kamanchaka ikipanda usiku kutoka baharini
huacha humo jasho lake, tone, tone,
hadi alfajiri pipa linaguna.
Mvua ni hadithi ya watu wa kusini.
Sisi, mwaka huu wa 2214, kila mtu na mita yake shingoni:
lita arobaini kwa siku,
na Bi Fresia Mamani wa kamati ya maji hana mzaha.

Walishuka sikukuu ya Mtakatifu Lorenso,
filimbi zingali barabarani.
Chombo chao kilitua kwenye uwanda wa chumvi
kama kijiko kinavyolazwa mezani.
Watu kumi na mmoja. Kwao hakuna nchi kavu,
ni bahari tupu chini ya dari la barafu,
na jua ni uvumi.
Jina lake lilikuwa mapovu matatu na kimya.
Karani akachungulia kalenda, akaandika: Lorenso.
Mtakatifu aliyebanikwa juu ya wavu wa chuma!
Nikacheka peke yangu. Akageuka kunitazama,
ngozi yake ikapita rangi nne.

Nilipomshika mkono nilimuunguza.
Viganja vyangu vina chumvi ya miaka thelathini.
Naye aliniachia baridi
iliyokaa kwenye kifundo changu siku mbili.

Neno lililomshinda ni kiu.
Kwao halipo. Nilimweleza kwa vidole, kwa ulimi,
nikamwonyesha punda wa mzee Eleuterio.
Hakuelewa.
Kisha nikaenda mjini siku tatu kununua nyuzi,
na niliporudi nilimkuta mlangoni, anatetemeka,
akasema, polepole, kama mtu anayetema mfupa:
Kiu.

Basi nikamwogesha kwa mgao wangu.
Lita thelathini na nane zake, mbili zangu.
Bi Fresia akaja, akasoma mita, akanusa.
“Nelida, unafuga nini humu? Samaki?”
“Ninapenda,” nikasema.
Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo.
Akaandika: uvujaji.

Sikujua kuwa naye alikuwa akipima.
Usiku wa kuondoka kwao niliamka, kitanda kimelowa,
na ukutani, kwa chumvi, mistari minne
aliyoitunga akihesabu silabi kwa vidole vyake sita:

Midomo imepasuka, nyufa zake nimeona,
Lita zako zamwagika kwa mwili usiopona,
Kwa chombo sitaondoka kwenda nisikokuona,
Tandaza wavu, nafika, kukicha tutaonana.

Nilipanda mlima bila viatu.
Chombo kilipaa na watu kumi. Niliwahesabu
kwa taa zao, mara mbili, mara tatu.
Shati nililomshonea lilikuwa juu ya jiwe,
limekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi,
na ukungu ulipanda mzito, wa uvuguvugu,
ukanipita usoni, ukarudi.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Hawakuishi hapa.

Kulipokucha pipa lilikuwa limezidi kwa lita arobaini kamili.
Bi Fresia akachovya kijiti chake cha kupimia.
Maji yakapita rangi nne.
Akakitoa, akakifuta kwenye sketi,
akatazama bahari kwa muda mrefu kuliko kazi yake inavyoruhusu.
“Uvujaji,” akasema, akafunga daftari, akashuka.

Sasa nimekaa na kikombe cha bati,
ulimi umekauka kama kamba.
Sijui kama kunywa ni kumbusu
au ni kummaliza.
Kikombe kinatoa mapovu.
Nahesabu: moja. Mbili.