Mtaa wa Winoni

Mimi karani wa chifu,
si kazi yenye sarafu:
ni vumbi juu ya rafu
na foleni mlangoni.

Siku hiyo, Jumatatu,
ikaja ramani kwetu,
imekunjwa mara tatu,
tarishi naye jashoni.

Kisiwa chakatwa kata,
kata tano, sikuteta;
wino mwekundu wapita
barabara na uani.

Tononoka na Majengo,
na Tudor juu ya shingo;
Shimanzi yapewa lango
iwe moja na Ganjoni.

Mji wa Kale, wa tano,
na Makadara mkono
wapeana; bila neno
waozwa kwenye ramani.

Aliyechora sijui;
pengine hapa hakai,
mahamri hatambui,
alichora kivulini.

Akaja Bi Mwanaheri,
buibui, na uturi,
aja kutaka muhuri
kuwa yeye wa Bondeni.

Saluma ataka soma,
na basari, bibi asema,
hutolewa kata nzima
kwa walio daftarini.

Ramani kaitandaza
na rula nikaikaza,
kidole nikaongoza
hadi kwake kisimani.

Msitari, bila hodi,
waingia makusudi,
wavuka chetezo, udi,
watokea msalani!

Jiko likawa Majengo,
mbuzi, kifumbu na ungo;
kitanda, pazia, lango,
Mji wa Kale, kingoni.

Nikamwambia: "Mamangu,
mtu yuko penye chungu;
barua yako si yangu,
nenda ofisi jirani."

Alikwenda, akarudi,
nako wamemkaidi:
"Kitanda ndicho shahidi,
hatuhesabu jikoni."

Siku nne, jua kali,
akivuka njia mbili,
bahasha haina hali,
imelowana kwapani.

Ya tano akaja, kiti
akavuta, akaketi,
akanena: "Sitafuti
mengi mimi duniani.

"Nyanya yangu hakujua
kata, wala kutambua
ila taifa na ua
na maji ya kisimani.

"Mtu ni mlango wake,
ni jirani na wenzake
watakaolala kwake
akifa, wote jamvini.

"Nimezaa wana hapa,
nimefiwa, nimekopa,
madeni nimeyalipa,
hata ya maji na kuni.

"Nyinyi mna rula, wino;
mguu huku, mkono
kule, shingo mvutano,
na Saluma yu foleni."

Sikujibu. Kachukua
kioo cha kukuzia,
wino nikaukagua
upana wake mbioni.

Mchirizo wa kalamu,
kwa vipimo vya ilimu,
hatua kumi timamu
ukiushusha ardhini.

Na nyumba ya Mwanaheri
ni hatua nane, shwari;
haikatwi: msitari
waimeza, yote, ndani.

Jiko, kitanda, kisima,
paka, na ngazi ya nyuma,
na vitabu vya Saluma,
vyote vyalala winoni.

Nikaandika kwa hati
iliyo sawa, kwa dhati:
Kata: mbili, katikati.
Mtaa wake: Winoni.

Muhuri nikaupiga
mara mbili, bila woga;
akacheka, akaaga,
uturi u ofisini.

Je, basari? Hadi leo
sijui ya matokeo.
Bwana mkubwa, kwa cheo
chake, auliza: "Nini

hii Winoni? I wapi?"
Nikajibu: "Kwa ufupi,
bwana, niambie: wepi
tusiokaa winoni?"