Mkono Mtupu

Kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu, Kolkata,
kati ya mitihani ya uhandisi ya mwaka juzi
na kamusi isiyo na herufi ya mwisho,
nilikinunua kwa rupia thelathini.
Muuzaji alitaka hamsini. Nikaondoka hatua tatu, akaniita.
(Hayo nayo, nilikuja kujua, ni mazingaombwe.)

Hakina jalada. Kinaanzia ukurasa wa saba, katikati ya sentensi:
"...wala usimwambie mtu unachotaka kufanya.
Ukinyamaza, bado unaweza kufanya kingine."

Mimi ni Nirupam Sarkhel,
karani wa kodi ya maji, dirisha la nne.
Miaka ishirini na sita, na sijamchekesha mtu
kwa makusudi.

Nikaanza na mpira wa kufungia mafaili.
Unauvisha vidole viwili, unakunja ngumi,
unakunjua: umehamia vidole vya jirani.
Siri yake ni ndogo hadi inatia aibu.
Lakini kujua ni kwa kichwa, na mkono una shule yake.
Jioni tisa mfululizo mpira uliruka kweli,
wa tisa ukatua kwenye sufuria ya dengu.
Shefali, mke wangu, akauopoa kwa kijiko,
akauweka ukingoni mwa sahani yangu
kama mwiba wa samaki.
Hakusema neno.

Umeme ulipokatika nilifanya mazoezi gizani.
Gizani sikukosea hata mara moja.

Kisha sarafu.
Wahenga husema mkono mtupu haulambwi;
kitabu kinasema mkono mtupu ndio mtaji,
hasa ukiwa na kitu ndani.
"Ulegeze," kinasema, "usahau."
Wangu haukusahau. Ulining'inia
kama mkono wa mtu aliyeiba sadaka.
Basi nikatembea na ile rupia kiganjani,
kwenye tramu, sokoni nikibonyeza bilinganya,
nikimpungia mkono mkubwa wangu, Bwana Lahiri,
ambaye hakunipungia,
hadi siku moja nikaitafuta nyumba nzima
kumbe ninayo.

Ukurasa wa arobaini, chini kabisa:
"Ukiharibu, na utaharibu, cheka wewe kwanza.
Kisha, kabla hawajamaliza kucheka, fanya jambo moja tu—"
Halafu mchwa.
Arobaini na moja hadi arobaini na nne ni vumbi
na kishimo chenye umbo la Sri Lanka.

Jumatatu akaja Hemnalini Pakrashi.
Bili: rupia elfu tisa mia moja na kumi na mbili.
Nyumba: bomba moja, nalo hutoa upepo.
Aligonga kioo kwa mpini wa mwavuli,
foleni nzima nyuma yake ikavuta pumzi,
na mimi, sijui ni shetani gani,
nikapenyeza mkono chini ya kioo, kuelekea sikio lake,
nichume sarafu.

Haikuchumika. Ikaponyoka, ikabiringika,
ikapita chini ya kabati la mwaka tisini na nane.
Nikapiga magoti. Nikachungulia.
Nikatoka na utando wa buibui kichwani, nikacheka. Kwanza mimi.
Foleni ikafuata.

Na sasa lile jambo moja? Sikuwa nalo.
Nilikuwa na mkono mtupu, mtupu kweli,
nimeunyoosha hewani kama mwombaji.

Mama yule akauchukua mpira kwenye faili lake mwenyewe,
akauvisha vidole viwili vilivyopinda kwa baridi yabisi,
akakunja, akakunjua.
Sikuona chochote. Mimi, ninayeijua siri!

"Marehemu alikuwa nacho," akasema.
"Kitabu. Kilikuwa na jalada la kijani."

Nikakisogeza kinywa karibu na kioo.
Nikanong'ona kama mtu anayeuliza bei ya dhahabu:
"Ukurasa wa arobaini na moja unasemaje?"

Akanitazama. Akaitazama bili.
Akaisukuma polepole, kwa kidole kimoja,
hadi upande wangu.

"Anza wewe," akasema.
"Hebu ipoteze hii."