Kilicho Katikati

Bati la kibanda limempasua Kavugho muundi, pale Birere.
Chini ya taa ya sola mguu wake unang'aa,
mweupe, mwembamba, mishipa ikionekana kama ramani,
ila vifundo vya vidole vimekataa, vimebaki vyeusi.

Naingiza sindano. Uzi unapita.
Navuta, ngozi inachanika
kama karatasi iliyolala mvuani.
Nasogea mbali na ukingo, najaribu tena.
Inachanika.

"Unapaka nini, dada?"
Anautazama ukuta.
"Pomadi tu. Ya kopo la njano. Huu mwaka wa sita."

Marehemu baba yangu, fundi Ngavo,
alijenga Goma kwa mawe ya volkano,
mawe aliyoyajua yangali moto.
Alikuwa akisema: jiwe halina neno,
jiwe limeshapikwa.
Niulizeni kilicho katikati.
Kuna tajiri wa Himbi alimwambia apunguze simenti,
aongeze rangi.
Ukuta ukasimama, ukapendeza, watu wakapigia picha za arusi,
hadi usiku ule ardhi ilipojikuna.

Shuleni mwalimu alichora seli, akazipa majina,
na ule weupe uliozizunguka
akauita kijazio, akafuta ubao.
Kijazio!
Kamba za kolajeni zinazobeba uzito wetu,
elastini inayomrudisha shavu mtu akishacheka,
na ute unaoshika maji kama sifongo:
seli zenyewe zimevisuka, zikavitoa nje,
kisha zikakaa ndani yake, zikisikiliza.
Nihame? Nigawanyike? Nilale?
Jibu hutoka huko nje.
Na lile kopo la njano, usiku hata usiku,
liliziambia: acheni kusuka.

Kitanda cha pili yupo mtoto Amuli,
uji ulimwunguza kifuani mwaka jana.
Kidonda kilifunga zamani, lakini kovu linaendelea,
limevimba, gumu, linamwasha,
limevuka mpaka wa moto wenyewe.
Kwake seli zinasuka kama fundi
ambaye hakuna aliyemwambia nyumba imeisha.

Mguu wa Kavugho sikuushona.
Niliulaza kwa vibandiko, kimoja kimoja,
nikizuia pumzi.
"Itarudi?"
Nikampa ukweli, kwa kuwa ndio pekee niliokuwa nao:
unene, labda, kidogo kidogo,
ukiacha kwa kufuata daktari, si kwa ghafla.
Ile michirizi ya mapajani, hapana.
Rangi ina njia zake.
Akanyamaza. Kisha akauliza
kama anaweza kupaka mikononi tu.

Nikatoka koridoni, kwenye ukuta wa mawe,
kazi ya baba.
Nikaingiza ukucha kati ya jiwe na jiwe, nikakwangua.
Ukucha ukavunjika.