Friji ya Jirani

Mwanafunzi wangu Lemayian amechora ramani:
kila mtafiti wa kupe nchini ni nukta,
kila makala tuliyoandika pamoja ni uzi.
Ameibandika ukutani, ghorofa ya pili, Chiromo,
kwa gundi iliyosalia ya mwaka jana.

Najitafuta.
Mimi huyu hapa pembeni, nukta ya ukubwa wa dengu,
na nyuzi zangu kumi na moja:
saba zimevuka bahari,
tatu zimekwenda Pretoria,
mmoja umemrudia mwalimu wangu, aliyekwisha kufariki,
nao bado umekazwa.

Dakta Jerotich ni nukta nyingine.
Kati yangu naye, karatasi nyeupe.
Miaka tisa tumegawana ukuta, birika,
na mlinzi anayetufukuza saa tatu usiku.
Kikohozi chake nakijua.
Kwamba anachunguza kupe walewale wa Kajiado
nilikuja kuambiwa Lisbon,
kwenye foleni ya kahawa, vitambulisho shingoni:
“Kumbe na wewe?”

Lemayian anasema mtandao una vitovu.
Ananionyesha profesa mmoja, nukta kama sahani,
nyuzi zimemtoka kila upande
kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.
Nacheka. Namjua. Hutia sahihi asichosoma.

“Na Muthengi yuko wapi?”
Muthengi aliyewabandua kupe masikioni mwa ng’ombe,
Isinya, magoti vumbini, kikoleo mkononi,
mmoja mmoja, elfu nne na ushei;
Muthengi ambaye humkuti ila mwisho kabisa,
chini ya Shukrani, nyuma ya wafadhili.

“Programu haisomi shukrani, Daktari.”

Haisomi.
Basi haina habari za Aprili ile,
umeme ulipokatika Ijumaa, jenereta ikagoma,
friji yangu ikaanza kutoa jasho.
Sikupiga simu ng’ambo.
Niliugonga ukuta kwa kiganja.
Jerotich akatoka na kandambili, akauliza, “Trei ngapi?”
akamwamsha shemeji yake wa maabara ya Kabete,
tukaomba barafu kwa wauza samaki wa City Market,
mvua ikitunyeshea, Muthengi mbele, tochi mdomoni.
Kulipokucha kupe wangu walikuwa wamelala salama
baina ya chanjo za kuku.

Hatukuandika lolote.
Trei mbili ziko kule hadi leo,
jina langu kwa mwandiko wake.

Nachukua kalamu ya risasi, naisogelea karatasi.
Lemayian anakunja uso:
data haiongezwi kwa mkono.
Kweli, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Nairudisha kalamu mfukoni,
natoka, nabisha mlango wa pili.
“Jerotich, zile trei za Kabete. Tuzihesabu?”
Ana mkoba begani, mtoto anamngoja shuleni.
Kesho saa nne, asema,
na nije na majani ya chai,
maana ya kwake nimeyamaliza.