Bao la Ukungu

Mimi ndiye niliyemkaba Nevio Bergantin
misimu kumi na mmoja, nyumbani na ugenini.
Kisogo chake nakijua kuliko mkewe ajuavyo uso wake.
Naijua harufu ya dawa aliyojichua mapajani,
najua kwamba kabla ya kona huinama
kuvuta soksi ya kushoto,
na ukishamwona akiivuta
umeshachelewa.

Alizaliwa kwenye tambarare karibu na mdomo wa Po,
huko ambako mto hupita juu kuliko mapaa
na watu hulala kwa kuliamini tuta.
Baba yake alibeba magunia kiwanda cha sukari.
Vuli nzima matela ya viazisukari yalipita mlangoni,
na Nevio aliokota vilivyodondoka
akavipiga ukutani kwa padri.
Kiazisukari hakidundi.
Ndiyo maana, aliniambia, hakujifunza kuungoja mpira udunde;
aliupiga ungali hewani,
kama mtu anayejibu swali halijamalizika.

Mbio hakuwa nazo. Tuseme kweli.
Nilimzidi mbio, nilimzidi kimo,
na viwiko vyangu vilikuwa vikali, Mungu anisamehe.
Lakini mpira ulimwandama yeye
kama mdai aliyesikia mshahara umetoka.

Mwaka wa themanini na mbili timu kubwa ilimtuma mtu,
bwana mwenye koti la sufu na daftari dogo,
aje amtazame.
Siku ile nilimkaba hata kivuli chake kikakosa pa kulala.
Dakika ya sitini bwana akalifunga daftari
akawahi treni.
Sikumwomba Nevio radhi. Kazi ni kazi.
Naye hakunidai,
na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Januari.
Ukungu wa kwao hauteremki, unapanda,
unatoka kwenye mifereji kama mvuke wa sufuria,
unameza kwanza njumu, halafu magoti, halafu majina.
Jukwaani walikuwa wakiimba bila kujua wanamwimbia nani.
Amedeo, mlinda mlango wetu, alituita mmoja mmoja
kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.
Krosi ilitoka weupeni. Niliisikia kabla ya kuiona.
Nevio akajipindua, mgongo chini, mguu juu,
na kwa mara ya kwanza maishani mwangu
nilisahau kumvuta jezi.

Nyavu zikasema *shwaa*.
Halafu kimya.
Hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa hakuna aliyeona.
Refa, ambaye alikuwa akiitafuta filimbi yake mdomoni mwake mwenyewe,
akaipuliza, akavunja mchezo.
Tuliurudia Jumatano, jua likiwaka, sare tasa.

Sasa ana duka la vifaa pale Adria,
misumari, mipira ya maji, mashine ya kuchonga funguo.
Goti la kulia limekufa; hupanda ngazi kwa awamu,
akiguna kila kipandio kana kwamba kinamchezea rafu.
Ukutani kuna kipande cha gazeti ndani ya fremu:
*mabao tisini na manne*.
Kijana aliyekuja kununua gundi ya bomba
alimwuliza kama huyo ni ndugu yake.

Huwa naenda Alhamisi. Naendesha kilomita arobaini
kununua skrubu ambazo hata mtaani kwetu zipo.
Leo Loredana alikuwa ameingia stoo,
tukabaki wawili, na mashine ikinguruma.
Bila kuinua macho kutoka kwenye ufunguo akasema:
«Sante, siku ile ya ukungu.
Uligonga mwamba kwanza, au uliingia moja kwa moja?»

Miaka thelathini na minane.
Kumbe na yeye, akiwa chali nyasini, hakuona.

Ningeweza kumdanganya kwa lolote.
«Uligonga mwamba,» nikasema, «kwa chini, ndipo ukaingia.»
Akatikisa kichwa polepole,
akapuliza vumbi la shaba kwenye ufunguo,
akaniuliza skrubu zangu ni za mbao au za chuma.